Ndege Mwenye Mkia Mrefu

"Mpaka Jumatatu saa sita mchana," alisema Madamu Lan. "Hiyo picha itoke huko mtandaoni. Isipotoka, utatoka wewe."

Aliyasema hayo mbele za watu, na watu wa Jumamosi katika jumba lile la maduka ya jumla, ukiipita Jeppestown ya Johannesburg kidogo tu, si haba. Kulikuwa na mama aliyefuata sweta za shule, kulikuwa na walinzi wawili waliokuwa wakisubiri majina yao yadariziwe kifuani, na kulikuwa na Zubeda wa Tanga, muuza vifungo na zipu wa kibanda cha jirani, ambaye alimwacha mteja wake amesimama na zipu mkononi ili yeye asikie vizuri. Goreth, fundi wa kudarizi aliyeambiwa maneno hayo, alibaki ameshika mkasi, anatabasamu. Cha kumfurahisha hakikuwepo. Ndivyo anavyofanya akiogopa, na tabia hiyo imemponza mara nyingi kwa watu wasiomjua.

"Picha gani, Madamu?"

Madamu Lan hakuinua sauti. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, msimamizi wa jumba zima, na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Alionyesha tableti iliyoegeshwa mezani, ile ambayo wateja huchagulia nembo. Siku hiyo haikuwa na nembo. Ilikuwa na kitu kama shuka kubwa la viraka, rangi elfu moja, bendera juu ya bendera, na katikati yake bendera moja nyekundu yenye pembe ya buluu na jua jeupe. Pembeni ya jua kulikuwa na dubu mweusi, glasi ya chai yenye gololi nyeusi chini, na ndege wa buluu mwenye mkia mrefu.

Halafu akamwonyesha simu yake mwenyewe. Mtu alikuwa amepita na kupiga video. Tableti ilionekana, kibao chenye jina la Goreth kilionekana, na mikono ya binti yake Murielle ilionekana ikigusa kioo. Video hiyo ilikuwa imezunguka asubuhi nzima kwenye kundi la simu la wenye maduka, karibu wote Wachina.

"Wananiuliza kama jumba hili limebadilisha bendera," Madamu Lan alisema. "Wananiuliza mimi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Madamu. Samahani sana, Madamu."

Hakuwa ameelewa hata chembe. Madamu alipokwisha kuondoka, Zubeda alikuja na mikono kiunoni.

"Jamani, shoga yangu! Umewafanya nini Wachina?"

"Sijui, Zubeda. Wallahi sijui."

"Wewe Mkristo unaapa wallahi? Basi mambo yamekuwa makubwa."

Na kweli yalikuwa makubwa. Kona ile chini ya ngazi, mita mbili kwa mbili, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Goreth alipewa kwa maneno ya mdomo, bila karatasi, miaka sita iliyopita. Cherehani yake ya kudarizi ilikuwa na uzito wa watu wawili, na chumba chao kule Bertrams hakingeweza kuimeza hata wangelala wima. Mumewe Gustave alikuwa mlinzi wa zamu, leo ana zamu, kesho hana. Shule zilizomletea Goreth sweta zao zilimjua kwa kona ile. Kona ikienda, hakuna mkuu wa shule atakayemtafuta kwenye vyumba vya kupanga.

* * *

"Murielle! Kuya hapa!" Gustave aliita kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ingawa binti alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake. "Unaeleza hii kitu polepole, mimi baba yako nielewe."

Murielle alikuwa na miaka kumi na saba. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, na Kiswahili alikisikia vizuri kuliko alivyokisema. Alieleza. Mchezo wenyewe uliitwa Ukuta. Dunia nzima ilipewa ukuta mmoja mweupe kwenye mtandao kwa siku nne. Kila mtu aliweka mraba mmoja mdogo wa rangi, kisha alisubiri dakika tano ndipo aweke mwingine. Mtu peke yake hawezi kuchora kitu. Wanachora watu kwa maelfu, wanapangana, wanalinda zamu, na wasipolinda wengine wanawafuta.

"Na hawa watu wa jua jeupe ni nani?"

"Wa Taiwan, Papa."

"Ni Wachina?"

"Eish, Papa. Hapo ndipo ugomvi ulipo. China inasema ni wa kwao. Wengi wao wanasema hapana, sisi ni sisi."

Gustave akajishika kichwa. Kule alikotoka aliwahi kumwona jirani akitolewa ndani ya nyumba kwa sababu ya kitambaa tu, rangi yake haikuwapendeza waliokuwa na bunduki wiki ile. Tangu hapo hakuvaa hata fulana ya timu ya mpira. Na sasa mtoto wake mwenyewe, ambaye karatasi zake za ukimbizi hazijakamilika, anawapigania watu bendera yao.

"Wamekulipa?"

"Hapana."

"Wamekuahidi nini?"

Murielle alimtazama mama yake, siyo baba. "Siku ya kwanza nilijaribu kuchora ngoma. Ngoma ya kwenu, Mama, ya Burundi. Ndogo tu. Tulikuwa watu wanne dunia nzima. Tuliifanya kwa saa tatu, wakaja watu wengine wakaifuta kwa dakika moja. Nikalia. Halafu msichana mmoja wa kule Taiwan akaniandikia. Aliona ninavyopanga miraba. Akasema, tusaidie kupanga ndege wetu, mkia unatushinda, na sisi tutailinda ngoma yenu."

Goreth alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliiweka chini. "Iko wapi?"

Murielle alikuza picha kwenye tableti, na kweli, chini ya mkia wa ndege, palikuwa na kingoma. Miraba kumi na miwili kwa kumi na minne, chekundu, cheupe na kijani. Goreth alizaliwa Buyenzi, Bujumbura. Hakuwa amefika kwao kwa miaka kumi na tisa. Alikitazama kile kingoma kidogo kuliko ukucha na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Na Kongo je?" Gustave akasema. "Hata kipande cha chikwangue, mkate wetu wa muhogo, hawakuchora?"

Hakuna aliyecheka. Gustave mwenyewe hakucheka.

"Utaifuta," akasema. "Hiyo bendera yao. Leo leo."

"Haiwezekani, Papa. Nikiweka mraba mmoja mbaya, watu elfu wanaurudisha."

"Wewe ndiye uliyechora!"

"Nimechora mkia wa ndege! Basi!"

"Usinipandishie sauti. Mama yako anafukuzwa kazini kwa ajili ya mkia wa ndege!"

Murielle akaizima tableti. Hilo lilimwingia, na lilikaa.

* * *

Jumapili, waliporudi kanisani, Gustave alivua koti, akaketi kitandani na simu yake, akajiandikisha kwenye Ukuta. Mtu mzima wa miaka arobaini na nane. Alitafuta jua jeupe, akaweka juu yake mraba mmoja mweusi. Kabla hajameza mate, mraba ulikuwa mweupe tena. Akasubiri dakika tano, ametoa macho, kama dereva anayesubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani. Akaweka mwingine. Ukafutwa. Akaweka mwingine. Saa tisa alasiri alikuwa ameweka miraba ishirini, na jua lilikuwa zima vilevile.

"Hawa watu hawalali?" aliuliza.

"Wako wengi, Papa," alisema Murielle. Alimwonea baba yake huruma, na huruma hiyo ilimuuma baba kuliko matusi. "Acha tu."

Goreth hakuwasikiliza. Alikuwa na shauri lake. Kwao mtu aliyekosa haendi kuomba radhi mikono mitupu. Unapeleka kitu, kikubwa au kidogo, unakitoa kwa mikono miwili, ndipo unafungua mdomo. Na yeye angepeleka nini, kreti ya bia? Yeye alikuwa na mikono yake. Masista wa misheni walimfundisha kudarizi tangu akiwa msichana mdogo, mshono wa msalaba kwa sindano, kwa kuhesabu vyumba kwenye daftari la hesabu, na hakuna cherehani inayoweza kufanya kazi ile. Yeye ndiye aliyemfundisha Murielle. Watu wa Taiwan walidhani wamempata mtaalamu wa kompyuta, kumbe wamempata mtoto wa fundi wa vitambaa.

Akalifungua daftari la Murielle. Michoro yote ya Ukuta ilikuwamo, binti ameinakili kwa rangi za penseli. Bendera hakuigusa, aliigeuzia ukurasa haraka. Dubu alimwona wa kutisha, si zawadi ya kumpa mama mtu mzima. Chai aliiona ya kitoto. Akafika kwa yule ndege wa buluu, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, akasema moyoni: huyu. Ndege ni ndege. Ndege hana chama.

"Unafanya nini, Mama?" Murielle aliuliza baadaye, alipoona uzi wa buluu.

"Zawadi ya Madamu. Kitambaa cha meza."

Murielle alifungua mdomo, akaufunga. Angeweza kumwambia. Alijua kabisa ndege yule ni wa Taiwan, alama yao karibu kama bendera. Lakini baba alikuwa palepale na simu yake, amekasirika, na mama alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Murielle akajiambia kwamba labda Madamu hatajua. Watu wangapi wanajua ndege? Kosa hilo alilifanya akiwa na akili zake timamu, na lilikuwa kosa lake, si la mama yake.

* * *

Jumatatu saa nne asubuhi Goreth alipanda ofisini. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alimwacha Murielle kwenye kona awapokee wateja, bila tableti.

"Madamu, nimekuja kuomba radhi," alisema, akapiga goti kidogo, akamtolea kile kitambaa kwa mikono miwili. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini walielewana kwa miaka sita.

Madamu Lan alikikunjua juu ya meza. Alipitisha kidole kwenye mkia, kutoka mgongoni hadi ncha nyeupe, taratibu, na Goreth akadhani anatafuta kasoro.

"Nani amekwambia ushone huyu?"

"Ni mtoto, amechora. Hakupendezi, Madamu?"

Madamu Lan akainuka, akafunga mlango. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Walikuwa wanakuja uani kwa bibi yangu," alisema. "Wanaiba mapapai. Bibi anawafukuza kwa ufagio, wanarudi. Kelele zao! Ndege mzuri hivi, sauti mbaya hivyo." Akacheka kidogo, akajifuta pua. "Mimi ni wa huko, wa Taiwan, Goreth. Hukujua?"

Goreth alitikisa kichwa. Kwake yeye, kwa Zubeda, kwa kila mtu pale chini, wote walikuwa Wachina tu, mwisho wa habari. Hakuwahi kuuliza. Ghafla aliona aibu, kwa sababu yeye mwenyewe huchukia sana watu wanapomwita Mkongo kwa kuwa tu mumewe ni Mkongo.

"Wao wanajua," Madamu Lan aliendelea. "Wenye maduka. Wanajua nilikozaliwa. Lakini hawajawahi kunisikia nikisema, na ndiyo maana tunaishi vizuri. Ungekuwa mpangaji wa msimamizi mwingine, wangecheka tu, watoto hao na michezo yao. Ila jumba hili nalisimamia mimi. Wameanza kusema ni mimi niliyemtuma binti yako."

"Mungu wangu, Madamu. Nitawaambia si kweli."

"Usiwaambie kitu. Chukua hiki kitambaa, kifiche, na..."

Mlango ukagongwa na kufunguliwa hapohapo. Waliingia wanaume watatu wa kamati ya wapangaji. Mkubwa wao, Bwana Guo, muuza mablanketi, alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyotisha. Alimsalimia Goreth, akauliza watoto hawajambo. Kisha akaona meza.

Akakiinua kitambaa kwa pembe mbili, akakielekeza dirishani.

"Umeshona wewe? Kwa mkono?"

"Ndiyo, baba."

"Kazi safi sana. Unamjua huyu ndege?"

"Ni ndege tu, baba."

Bwana Guo akageuka. "Na wewe, Madamu? Unamjua?"

Goreth aliona mkono wa Madamu Lan ukishika ukingo wa meza. Tabasamu lake baya likawa linakuja lenyewe usoni.

"Simjui," alisema Madamu Lan. "Ameniletea sasa hivi. Sikumwagiza."

"Vizuri." Bwana Guo akakirudisha kitambaa mezani. "Mama, ile picha ya kwenye mtandao, mwanangu amenieleza. Haifutiki. Nimekubali, hatukulaumu kwa hilo. Mimi sitaki ugomvi, ninauza mablanketi. Lakini wateja wetu wameiona ile video, na leo ningeingia hapa na mteja, ningemwambia nini kuhusu hiki?"

Mmoja wa wale wawili alitazama saa yake.

Madamu Lan ndiye aliyefungua droo. Alitoa mkasi, akausukuma juu ya meza mpaka ukagusa vidole vya Goreth. Hakumtazama.

"Kata," alisema. "Kisha urudi kwenye kona yako ufanye kazi."

Kona yako. Goreth alilisikia neno hilo. Alifikiria cherehani yake, sweta arobaini za watoto zilizosubiri chini, Gustave na miraba yake ishirini. Alifikiria saa kumi na moja alizokesha na sindano. Akachukua mkasi. Alianzia kichwani, ule mdomo mwekundu, akapita shingo, akashuka na mgongo wa buluu. Kitambaa kilikuwa kizito kwa nyuzi, hakikukatika upesi, ikabidi akaze mkono, na wanaume watatu wakamsubiri. Alipofika kwenye mkia alisita. Mkia ule ulimchukua muda kuliko sehemu nyingine yote, rangi tatu za buluu. Akaukata na wenyewe.

Madamu Lan alikuwa anatazama ukuta.

"Asante, mama," alisema Bwana Guo. Na kweli alionekana amefarijika, kama mtu aliyetolewa mzigo. Alitaka kuwa mwema. "Wewe ni fundi hasa. Wiki ijayo tuna sherehe yetu, siku ya taifa. Tushonee bendera ya kutundika pale juu ya ngazi. Kubwa, mita mbili, nyota tano, kwa mkono wako. Utaweza kufikia Ijumaa?"

"Nitaweza, baba," Goreth alisema, anatabasamu.

* * *

Zubeda, aliyeonyeshwa kitambaa asubuhi ile, alikuwa wa kwanza kumwona akishuka. "Niambie, shoga! Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Alhamdulillahi!" Zubeda akapiga makofi hadi watu wakageuka. "Nilisema mimi! Nilisema yule ndege atamlainisha!"

Goreth alipita chini ya ngazi, akaketi mbele ya cherehani yake. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Murielle alikuwa amezipanga sweta kwa ukubwa, shule kwa shule, bila kuambiwa. Alimtazama mama yake usoni na akajua.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Nimekikata."

"Wamekukatia?"

"Nimekikata mimi, Murielle. Kwa mkono wangu. Madamu ni wa kwao huyo ndege, na amenipa mkasi. Kama ulikuwa unajua, ungeniambia."

Murielle akaweka kiganja mdomoni. Simu yake ililia mfukoni, ule mlio mdogo wa kumwambia kwamba dakika tano zimeisha na mraba wake uko tayari. Hakuigusa.

"Nilikuwa najua," alisema. "Nisamehe, Mama."

"Nami nisamehe." Goreth alivuta daftari la hesabu, akatafuta ukurasa mtupu. Macho yake hayakuwa yakiona mistari vizuri siku hizi, na leo hayakuona kabisa. "Wametaka bendera. Ya kwao, ya nyota tano. Mita mbili, kufikia Ijumaa. Nitachora mwenyewe. Wewe nenda nyumbani."

Alishika penseli. Akahesabu miraba ya nyota ya kwanza, akakosea, akafuta. Akahesabu tena. Pembe moja ilitoka fupi. Akafuta mpaka karatasi ikaanza kuchanika. Wateja wawili walikuwa wamesimama mbele ya meza na sweta zao, wanasubiri, wanaona.

Murielle hakwenda nyumbani. Alisimama nyuma ya mama yake, ana hasira, na hakujua hasira hiyo ampe nani. Simu ikalia tena. Kule kwenye Ukuta watu walikuwa wanamwita kwa jina, wanauliza mtu wa mkia yuko wapi. Akaizima. Akavuta kigoda, akaketi, akamtoa mama yake penseli mkononi.

"Mita mbili kwa ngapi?" aliuliza.

"Mwanangu, si lazima."

"Usiongee na mimi, Mama," alisema Murielle, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya ukurasa mweupe. "Nipe rula."